Pesa Huingia Lini? Niliyojifunza Kwenye Meza ya Karani wa Shule

Mimi ni karani wa shule ya msingi ya umma huku Eastlands, Nairobi, si mbali na Barabara ya Juja. Jina la shule naliweka kando, maana bado ndipo ninapopatia riziki, na isitoshe haya nitakayoyaeleza yanaweza kuwa ya shule yoyote kutoka Huruma hadi Dandora. Niliajiriwa mwaka 2001 nikiwa na cheti cha uchapaji na uhasibu kidogo. Watu wakijadili ubora wa shule za serikali hutazama matokeo ya mitihani, walimu, na idadi ya watoto darasani. Mimi hutazama taarifa ya benki, na kabla ya kutazama kiasi, natazama tarehe.

Nilipoanza, wazazi walikuwa bado wanalipa. Vijana wanaosikia habari za elimu ya bure hudhani ilianza na Rais Kibaki, lakini imekuja na kuondoka zaidi ya mara moja. Mzee Kenyatta alifuta karo ya darasa la 1 hadi la 4 mwaka 1974, na punde shule zikaanza kudai pesa za majengo. Moi alipoingia akafuta tena, akaleta na maziwa ya Nyayo, ya bure kwa watoto wa shule, mwaka 1979; ukikutana na mtu wa Nairobi aliyezaliwa miaka ya sabini, mtajie maziwa hayo uone atakavyotabasamu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 serikali ilikuwa imebanwa na wakopeshaji wa nje, ukaja mpango wa kuchangia gharama: serikali ilipe walimu, mzazi abebe mengine.

Hayo mengine ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Chaki, madawati, mitihani, michezo, maji, mlinzi. Nilikuwa na kitabu cha stakabadhi na rejista, na Ijumaa asubuhi kabla ya paredi bwana mkuu alinitaka nimpelekee orodha ya wenye madeni. Majina yakisomwa, watoto wanatoka mstarini na kurudi nyumbani. Sitamani siku hizo zirudi. Wengi wa waliorudishwa walikuwa watoto wa watu niliokaa nao ploti moja, na jioni nilikutana na mama zao mferejini.

Lakini kuna jambo ambalo husemwa kwa nadra: pesa zile zilikuwa na siku yake. Mwezi ukifika tarehe 5, watu wa viwandani wakishalipwa, wazazi walijaa kwangu hadi tarehe 10 hivi. Baada ya hapo ukimya. Kwa hiyo tulijua lini tununue, lini tumwite fundi, lini tumlipe mpishi. Shule ilikuwa maskini, ila ilikuwa na mpango.

Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002, na wiki iliyofuata shule zikafunguliwa bila karo. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa chini ya milioni 6. Mwaka huo mmoja wakapita milioni 7. Kwetu walianza kufika alfajiri, lango likiwa bado limefungwa. Mama mmoja kutoka Mathare alileta watatu kwa pamoja, mkubwa akiwa na miaka 13 na hajui kushika penseli. Tulimweka darasa la 1, akakaa nyuma kabisa, magoti yakigusa mbao ya dawati. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge akaingia darasa la 1 kule Eldoret akiwa na miaka 84, dunia nzima ikampiga picha, na Bill Clinton akasema kwenye runinga ya Marekani kwamba mtu aliyetamani sana kukutana naye ni Kibaki, kwa sababu ya hiyo karo aliyoifuta. Huyu wetu wa miaka 13 hakupigwa picha na mtu, lakini darasa la 8 alilimaliza.

Serikali ilisema itatoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, 370 za mambo mengine ya shule. Tukafungua akaunti mbili, na ile ya vitabu ikaitwa kwa kifupi SIMBA. Bwana mkuu wa wakati huo, mtu wa mzaha, alikuwa akipita mlangoni pangu kila asubuhi na kuuliza, "Karani, simba amenguruma?" Mwaka wa kwanza alinguruma vizuri. Nilipokea vitabu vya Hisabati na Kiingereza vikiwa bado vinanukia wino, tukavipiga mhuri hadi mkono ukauma, na watoto ambao zamani walichungulia kitabu kimoja watano wakawa wanasoma wawili au watatu. Mtu akiniambia kwamba elimu ya bure ilikuwa hasara tupu, namkumbusha vitabu hivyo.

Kilichoharibika kilijulikana na kila mtu: darasa la watoto 45 likawa la 100 na ushee, na mwalimu ni yule yule. Wazazi wenye uwezo kidogo, askari, makarani wa ofisi za mjini, wafanyabiashara wa Eastleigh, wakahamishia watoto wao kwenye akademi, yaani shule za binafsi. Siwalaumu. Ila waliondoka na kitu ambacho hakimo kwenye bajeti yoyote. Hao ndio waliokuwa wakisimama kwenye mkutano wa wazazi na kuuliza, "Hizi pesa za mabati zilienda wapi?" Waliobaki walikuwa wanashukuru tu mtoto amepata nafasi, na mwenye kushukuru huogopa kuuliza.

Kisha simba akaanza kunyamaza. Muhula ulifunguliwa Januari, pesa zikaja Machi. Mwisho wa mwaka 2009 ukazuka wizi wa pesa za elimu ya bure huko juu, Uingereza na Marekani zikasimamisha misaada yao. Sisi wa Barabara ya Juja hatukuwa tumeiba hata rula, lakini tulisubiri pamoja na walioiba.

Sasa niwaeleze shule isiyo na pesa hununuaje vitu, kwa sababu nadhani hapa ndipo watu wa bajeti hawafiki.

Mgao wa shule ya msingi siku hizi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Gawa kwa mihula 3, unapata 473. Ni bei ya pakiti mbili tatu za unga. Utaratibu ni kwamba nusu ije muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Ukisoma hivyo kwenye karatasi, unaona ni kidogo lakini mtu anaweza kujipanga. Shida ni kwamba muhula hausubiri. Siku ya kwanza ya kufungua, mwalimu wa Gredi ya 1 anataka chaki siku hiyo hiyo. Choo kimeziba siku hiyo hiyo. Basi naenda mjini kukopa.

Tuna mwenye duka la vifaa vya kuandikia kule River Road aliyetuzoea miaka mingi. Ana bei mbili. Moja ni ya mtu mwenye pesa mkononi, nyingine ni ya shule. Siku moja nilimuuliza kwa nini rimu ya karatasi ni ghali kwangu kuliko kwa kijana mwenye saibakafe aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni. Hakukasirika hata kidogo.

"Mama, wewe utanilipa lini?"

Sikuwa na jibu.

"Basi hiyo ndiyo tofauti ya bei."

Hapo nilielewa jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye hotuba ya waziri yeyote. Shilingi ya serikali ikichelewa, hupungua kabla haijafika. Mia ikija mwezi wa tatu, sehemu yake imeshaliwa na deni la mwezi wa kwanza, tena deni la bei ya juu. Kila waziri anayeingia hutangaza kiasi. Mimi ningefurahi zaidi na waziri wa kunitangazia 1,000 badala ya 1,420, mradi aniambie zitaingia tarehe 3 Januari, na ziingie.

Na msidhani ni mambo ya makarani na wenye maduka. Fuateni hiyo rimu hadi darasani. Mwenye duka akichoka kukopesha, hakuna karatasi. Bila karatasi, zoezi halichapishwi, kwa hiyo mwalimu analiandika ubaoni. Watoto 90. Walioko nyuma hawaoni vizuri, wanasimama, wanasogea, wanaandikiana. Mwalimu akifika swali la 10, kengele inalia. Kipindi kizima kimekwisha kwa kunakili, hakuna aliyefundishwa. Mwishoni mwa mwaka matokeo yakitoka, mtu wa redioni atasema walimu wa shule za umma ni wavivu. Nimefanya kazi na wavivu, wapo, nawajua kwa majina. Lakini yule aliyeandika ubaoni hadi vumbi la chaki likamkaba koo si mmoja wao.

Walimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, angalau hulipwa, mvua inyeshe jua liwake. Sisi walioajiriwa na bodi ya shule, yaani karani, mpishi, mlinzi, na wale walimu wa kuziba mapengo, tunalipwa kutoka kwenye sehemu ile ndogo ya mgao. Mgao ukichelewa, sisi ndio tunaoikopesha serikali, na haitulipi riba.

Mlinzi wetu, mzee kutoka Kitui, aliwahi kukaa muda mrefu bila mshahara. Mwenye nyumba akamfungia mlango, akahamia stoo ya shule na redio yake. Baadaye ikagundulika kuwa usiku alikuwa anawauzia majirani maji ya mfereji wa shule, mtungi kwa mtungi. Kwenye mkutano wa bodi, wajumbe walikuwa tayari kumfukuza, na mmoja akataka polisi waitwe. Niliomba ruhusa nisome ukurasa mmoja wa leja. Deni la mshahara wake lilikuwa kubwa kuliko maji yote ambayo angeweza kuuza, hata angeuza usiku kucha. Mwenyekiti alikaa kimya, kisha akasema, "Tuendelee na ajenda inayofuata." Mzee hakufukuzwa. Wala hakulipwa wiki hiyo.

Kuna hesabu nyingine inayonikosesha usingizi, ile ya vichwa. Pesa hufuata mtoto aliyesajiliwa kwenye mfumo wa kompyuta wa wizara, ambao kwa miaka uliitwa NEMIS, na kumsajili kunataka cheti cha kuzaliwa. Ni wazo zuri. Wanafunzi hewa wamekula pesa za nchi hii kwa miaka. Lakini mtoto aliyezaliwa nyumbani, akalelewa na nyanya yake, mama akiwa Saudi anafanya kazi za ndani, cheti kitatoka wapi? Tunaye darasani, anakula chaki ileile, anatumia choo kilekile, ila kwa Hazina hayupo. Kila mwaka ninao wa namna hiyo. Huwa nawaandikia wazazi barua ya kupeleka kwa chifu, kisha waende Huduma Centre pale Makadara, na najua kwamba kwa mama wa kibarua, siku moja ya kupanga foleni ni siku moja bila unga.

Mvua za mwaka 2024 ziliifanya hesabu hiyo kuwa mbaya zaidi. Mto Mathare ulifurika, shule zikachelewa kufunguliwa hadi katikati ya Mei, na nyumba za kando ya mto zikabomolewa kwa amri ya serikali. Tulipofungua, viti vingine vilikuwa vitupu. Familia zilikuwa zimehamia Kariobangi, Kayole, nyingine zikarudi mashambani. Wakati huohuo tukapata wageni waliohama kutoka kwingine, sare za kila rangi. Mtoto alihama kwa usiku mmoja. Jina lake kwenye mfumo lilichukua muhula kuhama, na pesa zake zikabaki kule alikotoka. Nilipigiana simu na makarani wenzangu hadi salio likaisha, tukibadilishana watoto. Kazi hiyo haimo kwenye barua yangu ya ajira.

Pengo hilo lote huzibwa na mzazi, kwa mlango wa nyuma. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 inakataza kumtoza ada kiholela. Bwana mkuu anaijua sheria, na anajua pia kwamba stima itakatwa Ijumaa. Kwa hiyo zinakuja pesa za mitihani, pesa za "motisha", pesa za mlinzi, kila moja na jina la upole. Nimeona kwenye rejista kwamba wiki ya mitihani ndiyo wiki ya watoto wengi kuugua. Si malaria. Mama hana 200, anaona afadhali mtoto abaki nyumbani kuliko asimamishwe mbele ya wenzake. Na anayekosa mtihani ni yule yule ambaye mwalimu alihitaji zaidi kujua amekwama wapi.

Ndiyo maana nilishangazwa na mpango wa chakula wa kaunti, Dishi na County, ulioanza mwaka 2023. Nilidhani utakuwa wa kupigia kampeni, na pengine ni wa kupigia kampeni, mimi si mtoto. Mtoto anavaa bangili, anaigusisha kwenye mashine, anakatwa shilingi 5, anapata sahani ya wali na dengu. Wale akina mama niliokuwa nikiwafukuzia 200 za mitihani muhula mzima, shilingi 5 za kila siku wanazo. Anauza sukuma asubuhi, anapata, anampa mtoto. Kumbe umaskini wao na wa shule unafanana: shida ni pesa nyingi kutakiwa siku moja ambayo si siku ya kupata. Rejista za alasiri zilianza kujaa. Zamani watoto waliotoka saa sita kwenda kutafuta chakula, wengine hawakurudi.

Januari 2023 Gredi ya 7 ya kwanza, yaani mwanzo wa sekondari msingi ya mtaala mpya, ilianza humu humu kwenye kiwanja chetu, na hapo nikaona kichekesho. Mtoto wa sekondari msingi anatengewa shilingi 15,042 kwa mwaka. Yaani mtoto wa Gredi ya 6 akivuka uwanja kwenda Gredi ya 7, thamani yake kwenye vitabu vya Hazina inapanda zaidi ya mara 10, na bado anakwenda choo kilekile. Akaunti ni tofauti, mfereji ni mmoja. Bili ya maji nani alipe? Tumegombana juu ya hilo kuliko jambo lolote la masomo. Maabara hatuna, mwalimu wa sayansi, kijana mwanagenzi aliyekuwa akilipwa 20,000 kwa mwezi, alikuwa anajinunulia siki na magadi ili watoto waone mapovu. Watoto walimpenda mno. Aliondoka.

Kitinda mimba wangu yuko sekondari ya kutwa, kwa hiyo huko nimekaa upande wa pili wa meza. Serikali ilikuwa imeahidi 22,244 kwa mwanafunzi. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba uwezo uliopo ni wa takriban 16,900. Wengi walimkasirikia. Mimi nilihisi afadhali kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa Hazina alisema kwa sauti kile ambacho kila karani alikuwa anakiona kwenye taarifa ya benki. Shule ya mwanangu ilikuwa imeshaongeza pesa za chakula cha mchana muhula mmoja kabla.

Tangu siku za SIMBA, maagizo yalikuwa shule ibandike kwenye ubao wa ukutani pesa zilizoingia na zilivyotumika. Shule nyingi hubandika kiasi, zikibandika. Mimi niliongeza safu mbili: siku zilipotarajiwa na siku zilipofika. Bwana mkuu wa sasa hakupenda, alisema ninaichongea serikali. Nikamwambia, "Mwalimu, ni tarehe tu." Akaiacha.

Muhula uliopita mzazi mmoja, kijana wa bodaboda, aliupiga picha ubao huo kwa simu. Kwenye mkutano akasimama na kuuliza kwa nini wazazi wanaombwa pesa za mtihani wiki mbili kabla ya mgao kufika, wakati mtihani wenyewe umepangwa na shule, si na Nairobi nzima. Kulikuwa na minong'ono. Walimu wakatazamana. Mwishowe ikakubaliwa mtihani wa katikati ya muhula uahirishwe wiki tatu, na michango ya kuchapisha ikafutwa. Bwana mkuu alininunia siku kadhaa.

Mkutano uliofuata walikuja wawili zaidi na picha za ubao kwenye simu zao. Mmoja, mama wa Gredi ya 4, alitaka kujua deni la River Road limefika ngapi. Nikamwambia. Akauliza nani hutia sahihi. Nikamwonyesha mlango wa bwana mkuu, nao wote wawili wakaingia bila kubisha.